Vigogo wa Mnara: vidokezo 10 vya kuwabwaga kwa simu yako

Mafuta yakiadimika Bujumbura, foleni ya basi la kwenda Kamenge au Kanyosha inaweza kukumalizia jioni nzima. Basi tuitumie! Kuna mchezo mtamu wa karata ambao ukishaupakua hauhitaji megabaiti hata moja: Slay the Spire. Umetengenezwa na Mega Crit, kampuni ndogo ya Seattle, Marekani, iliyoanzishwa na Anthony Giovannetti na Casey Yano. Ulikamilika kwa kompyuta Januari 2019, ukaingia kwenye iPhone mwaka 2020 na kwenye Android mwaka 2021. Hauna matangazo, wala hakuna duka la kununua karata kwa pesa halisi.

Unaanza na karata chache dhaifu, unapanda mnara ghorofa kwa ghorofa, na kila ukishinda pambano unachagua karata mpya ya kuongeza kwenye fungu lako. Kila raundi una karata 5 mkononi na nishati 3 za kuzichezea. Mnara una sehemu tatu, kila moja na bosi wake juu kabisa. Ila wanaowatoa watu jasho ni wale wa katikati, wenye alama ya kichwa cha pembe kwenye ramani. Hapa tutawaita vigogo. Wachezaji wapya wengi wakiiona alama ile wanageuza njia. Leo tunaifuata!

1. Mfuate, ana mali yako

Kigogo akianguka anaacha hirizi moja, dhahabu 25 hadi 35, na karata zenye nafasi kubwa zaidi ya kuwa adimu kuliko zile za adui wa kawaida. Tunachokitafuta hasa ni hirizi. Nyingi zinakufanyia kazi kila pambano mpaka mwisho wa safari, bila kukudai nishati. Mchezaji anayewakwepa vigogo wote anafika kwa bosi wa kwanza na uhai tele lakini mikono mitupu, na hata akipenya, sehemu ya pili inammeza mzimamzima. Lengo zuri kwa anayeanza ni vigogo wawili katika sehemu ya kwanza. Kabla ya kukanyaga ghorofa ya kwanza, vuta ramani mpaka juu uitazame yote. Tafuta njia ambayo ina panda kabla ya kigogo, ili ukifika hapo uko hoi uweze kukatia upande mwingine. Kuchungulia kwa nusu dakika kunaokoa saa nzima ya kupanda.

2. Ghorofa tano za mwanzo ni zawadi

Hii wengi hawaijui: kigogo hatokei kamwe kabla ya ghorofa ya 6. Una ghorofa tano za kujipanga! Chukua Ironclad, askari wa kuanzia. Ana uhai 80 na karata 10: Strike tano, Defend nne na Bash moja. Strike inapiga 6. Ukicheza tatu kwa nishati zako tatu, hiyo ni 18 kwa raundi, na vigogo wa mwanzo wana uhai zaidi ya 80 au wanakuja kundi. Hesabu hiyo haitoshi, ndugu yangu. Ndiyo maana katika mapambano ya mwanzo tunachukua karata za kupiga, mbili au tatu nzuri. Zile za mipango mirefu, za kujijenga kidogo kidogo mpaka uwe jitu, zina wakati wake; kwa sasa unahitaji ngumi.

Ukikuta moto wa kambi kabla ya kigogo na uhai wako bado unaridhisha, noa karata badala ya kulala. Kulala kunakurudishia asilimia 30 ya uhai wako kamili. Kunoa kunabaki nawe mpaka mwisho: Bash iliyonolewa inapanda kutoka 8 hadi 10, na inamwacha adui wazi kwa raundi tatu badala ya mbili.

3. Mbele ya Gremlin Nob, ngao ni mtego

Huyu ndiye anayewaliza watu kuliko wote. Ni pande la jitu lenye uhai kati ya 82 na 86. Raundi ya kwanza ananguruma tu. Kuanzia hapo, kila ukicheza karata ya ujuzi, naye anaongezeka nguvu 2, na hazimtoki tena. Sasa, Defend ni karata ya aina gani? Ya ujuzi! Mtu anaona pigo la 14 linakuja, anajikinga kwa busara zote, raundi inayofuata pigo limekuwa 18, anajikinga zaidi, na huo ndio mwisho wake.

Tumtazame kwa karibu. Raundi ya kwanza hapigi, kwa hiyo unatangulia na Bash: 8, na anabaki wazi, yaani kila pigo linaongezeka nusu yake raundi hii na ijayo. Unaongeza Strike moja, na badala ya 6 inatoa 9. Tayari ni 17. Raundi ya pili, karata zikikubali, Strike tatu za 9 ni 27, jumla 44. Umeshavuka nusu ya uhai wake, na yeye amekupiga mara moja tu. Raundi ya tatu hayuko wazi tena, Strike tatu ni 18, jumla 62. Sasa badilisha mbili kati ya Strike hizo, uweke karata nzito ulizookota njiani, uone kama ataifikia raundi ya tano.

Na ukitaka kujua kama Defend inalipa, fanya hesabu hii ndogo. Inakukinga 5 mara moja, ila inamwongezea 2 kwa kila pigo lake lijalo. Akibakiwa na mapigo matatu, umejikinga 5 ukalipa 6. Hasara! Itumie tu pale ambapo bila hiyo unakufa, au raundi ijayo unammaliza. Karata za uwezo, zile zinazokaa mezani mpaka pambano liishe, hazimkasirishi. Chupa za dawa nazo hazimkasirishi. Yeye ugomvi wake ni na ujuzi peke yake.

4. Lagavulin amelala? Tandika vyombo vyako

Baada ya Nob, huyu ni kama likizo. Unamkuta amejikunyata ndani ya gamba lake, uhai 109 hadi 111, na kila raundi gamba linampa ngao 8. Asipoguswa analala raundi tatu. Haraka ya nini? Hizo ni raundi tatu za bure za kuweka karata zako za uwezo na kuzungusha fungu mpaka zile nzito zifike mkononi.

Ujanja uko kwenye raundi ya tatu. Ukimpiga akiwa usingizini na pigo likapita ngao mpaka kwenye uhai, anaamka lakini anapigwa na butwaa, raundi hiyo hafanyi kitu. Sasa, hata usipomgusa, raundi ya nne ataanza kukushambulia tu. Kwa hiyo kumpiga raundi ya tatu hakukugharimu chochote, na gamba linakoma kumpa ngao. Wakikusanyika watu wawili kwenye simu moja, huo ndio ubishi wenyewe:

“Kaka, usimguse, amelala!”

“Raundi ya ngapi?”

“Ya tatu.”

“Basi mwamshe, mdogo wangu, tena kwa ile kubwa.”

Akishaamka maliza mambo upesi. Anapiga 18, anapiga 18 tena, halafu anakunyonya: mapigo yako yanapungua 1 na ngao zako zinapungua 1, mpaka pambano liishe. Kisha anaurudia mzunguko huo. Kila mzunguko unaopita unakuacha mwepesi zaidi.

5. Sentries wako watatu: anza na wa pembeni

Mashine tatu zimesimama mstari mmoja, kila moja na uhai 38 hadi 42. Mkono unataka kumpiga wa katikati, sivyo? Usiufuate. Wa pembeni wote wawili wanakwenda pamoja: raundi hii wanakutupia karata za mzubao, mbili kila mmoja, zisizochezeka, raundi ijayo wanapiga wote, 9 na 9, ni 18. Wa katikati yuko kinyume nao. Ukimwondoa wa katikati umebaki na wale wanaopiga kwa pamoja. Ukimwondoa wa pembeni, waliobaki wanapokezana, na unapata pigo moja la 9 kwa raundi. Hilo unaliweza hata kwa Defend mbili.

Angalizo moja: kila mashine ina kinga inayofuta laana ya kwanza utakayoirusha. Kwa hiyo Bash ya kwanza inapiga tu, haimwachi wazi. Na kama una karata inayopiga wote kwa mkupuo, kama Cleave, hapa ndipo kwake.

6. Chupa ni za kunywa

Una nafasi tatu za chupa za dawa. Wachezaji wangapi wanakufa mbele ya kigogo, chupa zote tatu zimejaa, eti wanamtunzia bosi? Usiwe mmoja wao! Chupa ya moto inatoa 20 papo hapo, na kwa Nob hiyo ni karibu robo ya uhai wake. Itupe mapema, raundi ya kwanza au ya pili, maana kila raundi unayofupisha ni pigo moja ambalo halikufikii. Nafasi ikishakuwa tupu, chupa nyingine itaokotwa njiani. Nafasi zikiwa zimejaa, chupa mpya huwezi kuichukua mpaka uitupe ya zamani.

7. Basi likifika katikati ya pambano

Funga mchezo, panda basi! Ukiufungua tena, pambano linaanza upya pale pale ulipoingia, uhai wako ukiwa ule ule wa mlangoni. Hakuna kilichopotea. Hata betri ikikuzimikia wakati umeme umekatika mtaa mzima, kigogo atakusubiri. Na kama Kiingereza kinakuchosha, ingia kwenye mipangilio uweke Kifaransa; wengi wetu tuliosoma hapa Burundi karata zitatuingia haraka zaidi.

8. Hesabu kabla ya kidole kugusa kioo

Juu ya kichwa cha adui pana alama inayokuonyesha atakachofanya: upanga wenye namba ni pigo, ngao ni kujikinga, na kadhalika. Hakuna mchezo wenye uaminifu kama huu; adui anakuonyesha karata zake kabla hujacheza zako. Mtazame mzee anayejua ikibuguzo. Mbele yake pana mashimo 32 na kete 64, na mkono wake haushuki mpaka macho yamekwisha kuzunguka ubao na kujua kete ya mwisho itaangukia wapi. Na wewe cheza hivyo. Soma namba ya pigo, toa ngao unayoweza kuipata, uliza: kilichobaki kinaniua? Kama hakikuui na unaweza kumaliza pambano raundi moja mapema kwa kushambulia, kupoteza uhai kidogo ni biashara nzuri.

Mpangilio nao una uzito. Karata inayomwacha adui wazi inatangulia, mapigo yanafuata. Karata inayokuvutia karata nyingine inachezwa kwanza, kabla hujajifunga na mpango. Na usisahau kugusa lile rundo la karata ambazo hazijaja mkononi. Mpangilio wake umefichwa, lakini utaona zilizobaki ni zipi. Bash bado imo? Basi raundi ijayo huenda ikafika, panga hivyo.

9. Umekufa mapema? Neow ana kitu kwa ajili yako

Neow ni yule nyangumi anayekupokea chini ya mnara kila unapoanza. Kama safari iliyopita hukumfikia bosi wa kwanza, anakupa kuchagua kati ya mambo mawili, na moja ni hili: maadui wa mapambano yako matatu ya kwanza watakuwa na uhai 1 tu. Wengi wanayamaliza yote matatu kwa vijidudu vya ghorofa za chini. Fikiri kidogo! Ghorofa ya kwanza lazima upigane, hapo limekwenda moja. Kuanzia hapo tafuta njia yenye alama za kuuliza na duka, upunguze mapambano, na ukiingia ghorofa ya 6 bado una moja mkononi, elekea kwa kigogo moja kwa moja. Alama ya kuuliza inaweza kukugeukia ikawa pambano, hilo lipo, lakini ikikubali utamwangusha Nob kwa Strike moja na kuondoka na hirizi. Raha yake haielezeki.

Dhahabu utakayopata, usiipeleke yote kwenye karata mpya. Dukani unaweza kulipa ili karata moja dhaifu ifutwe kabisa kwenye fungu. Mara ya kwanza ni 75, na kila ukirudia inapanda kwa 25. Strike zikipungua, karata zako nzito zinakuja mkononi mara nyingi zaidi. Na ukikutana na hirizi ya Preserved Insect, mdudu aliyehifadhiwa, chukua bila kuuliza. Inapunguza uhai wa kila kigogo kwa robo.

10. Huko juu, kila kigogo ana mtihani wake

Sehemu ya pili ngumi tupu hazitoshi tena. Gremlin Leader, uhai 140 hadi 148, anaita vijana wake kila wanapopungua. Ukitumia raundi zako kuwafukuza vijana utachoka wewe kwanza. Mpige kiongozi, akianguka wote wanatimua mbio. Slavers watatu wanataka karata inayopiga wote pamoja na chupa zako bora, na mapema, kwa sababu raundi mbili za mwanzo ndizo zinazoumiza. Book of Stabbing ni kitabu chenye visu, uhai 160 hadi 164. Idadi ya visu inaongezeka kila anaporudia, na kila kisu kinachopenya ngao kinakuachia karata ya jeraha isiyo na kazi. Hapa ile Defend uliyoitupa kwa Nob inarudi kuwa rafiki, na chochote kinachomdhoofisha adui kinapunguza kila kisu kwa robo.

Sehemu ya tatu utakutana na Giant Head, kichwa cha jiwe chenye uhai 500. Usitishike na namba. Kila karata unayocheza raundi hiyo inaongeza asilimia 10 kwenye mapigo yatakayofuata. Tanguliza karata nyepesi, za nishati 0 ukiwa nazo, na ile nzito iwe ya mwisho: ukiicheza ya sita, inatoa nusu zaidi. Ila usikae. Baada ya raundi chache anaanza kupiga 30, na kila raundi anaongeza 5.

Nemesis, uhai 185, kila baada ya raundi moja anageuka kivuli, na hapo pigo lolote utakalompiga linatoa 1 tu. Raundi ya kivuli weka ngao na karata za uwezo, na mapigo yako yasubiri raundi inayofuata. Kuwa macho na fyekeo lake la 45.

Wa mwisho ni Reptomancer na visu vyake vinavyoruka. Kisu kinachoma 9 raundi ya kwanza, ya pili kinajilipua kwa 25. Viwili vikilipuka pamoja ni 50, na si wengi wanaobaki wima. Kwa hiyo raundi ya kwanza vunja kisu kimoja, jiwekee ngao kwa ajili ya kile kingine, halafu kila nishati inayobaki mmiminie mwenyewe, kwa sababu akianguka yeye, visu vyote vinaanguka naye.